Gurudumu Lililolia Gizani

Ta-ta-ta-ta. Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya bahati nasibu umeme ulikuwa umekatika, nikalisikia gurudumu kabla sijaliona: ulimi wa ngozi ukipiga misumari, haraka, kisha polepole, kisha ta ya mwisho.

"Karibu," mkuu wa mapokezi akasema kutoka gizani. "Hiyo ndiyo inatulisha."

Walinianzisha mezani, kupokea tikiti za kukwangua. Ninyi mnaozinunua dukani mnajua nusu tu ya safari yake. Mchezaji hukwangua rangi ya fedha kwa kizibo cha soda. Zikitokea picha tatu za televisheni, hajapata zawadi bado. Amepata nafasi ya kuja studio kuzungusha gurudumu mbele ya kamera. Chini kabisa kuna mstari wa uhakiki, ambao ni sisi tu tulioruhusiwa kuukwangua. Wengi, kwa furaha, waliukwangua wenyewe, na tikiti ikafa papo hapo.

"Wanakwangua mpaka bahati yenyewe," mkuu alikuwa akisema, akicheka peke yake.

Baadaye nilihamishiwa studio, chini ya mkurugenzi wa kipindi, nikawa mtunza gurudumu. Nililitia mafuta na kubadilisha ulimi ukilegea. Huko ndiko nilikojifunza kushuku. Watazamaji wa mitaa ya Kiriri na Carama waliamini wanatuona moja kwa moja, kumbe tulirekodi vipindi kadhaa kwa mpigo, mtangazaji akibadilisha shati tu. Palikuwa pia na wusie, afisa wa sheria aliyeshuhudia kila mzunguko. Alikalia kiti cha kampuni, akanywa fanta ya kampuni.

Ndipo akaja Mama Neema, muuza samaki wa Ruziba.

"Mukeke yangu inaharibika na jua, mzee," aliniambia akisubiri zamu. "Jioni wateja wanashika pua, wananichekelea. Mi nataka ile frigo. Ingine zote mubaki nazo."

Alizungusha kwa mikono miwili. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama kwenye frigo. Nililiona. Ukumbi mzima uliliona. Mama Neema akapiga vigelegele, na papo hapo umeme ukakatika.

"Hata umeme umefurahi!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

Chini ya kicheko hicho nikasikia: ta. Moja tu.

Jenereta ilipowaka, ulimi ulikuwa kwenye mwavuli, zawadi iliyopakana na frigo.

"Nani ameigusa?" Mama Neema akauliza.

"Hakuna mutu, mama," mkurugenzi akasema. "Wusie, unaona nini?"

"Naona mwavuli."

"Na mbele ya giza kuingia uliona nini, we baba?"

Wusie akaitazama chupa yake. Mkurugenzi akajibu badala yake. "Kamera ilikuwa kwenye uso wako, mama. Gurudumu haikuichukua."

"Shefu," nikasema, "imelia gizani. Na ulimi niliubadilisha leo, haujalegea."

"Mbao zinalia, mzee. Hata magoti yako yanalia."

Tulikuwa wanne karibu na gurudumu: mkurugenzi, mtangazaji, wusie na mimi. Mama Neema alitutazama mmoja mmoja, na kwangu hakupunguza ukali.

"Basi zungusha tena," mkurugenzi akamwambia kwa upole.

"Apana. Nikirudilia, ni kusema sikushinda."

"Chukua mwavuli, basi."

"Utanisaidia nini? Samaki yangu haiogopi mvua." Akakaza kitenge chake, akaondoka mikono mitupu.

Tangu siku ile, kila umeme ulipokatika niliushika ukingo wa gurudumu kwa mkono, nikaushikilia mpaka taa zirudi. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenikataza pia, na hilo nalo nililishuku. Wanangu wananiuliza ni nani aliyeligusa. Sijui. Najua tu kwamba waliopenda kuniambia mbao zinalia hawakuwahi kuzisikia zikilia nilipokuwa nimezishika.

Siku ya kustaafu waliniaga katikati ya kurekodi. Mkurugenzi alinisindikiza hadi mlangoni.

"Mzee, miaka yote hii ulikuwa unanilinda mimi nisiiguse?"

"Nilikuwa nalinda yule mama wa Ruziba, shefu."

Akacheka kidogo. Nyuma yake mchezaji alikuwa amezungusha tayari, na ta-ta-ta ikaanza kuchoka. Ndipo umeme ukakatika. Mkono wangu ukanyooka wenyewe gizani, ukakuta hewa.

"Nenda upumzike," akasema, akafunga mlango.