Kiti Kimekataa Kuingia Mlangoni, Sasa Shemeji Anataka Nilipie Kukirudisha

Admin, jina langu lisionekane tafadhali. Najua wakwe zangu wako kwa hii page na watajijua. Wasome tu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nina bwana na watoto wawili. Tunaishi Karagita, nafanya kazi kwa shamba la maua, upande wa kupaki kwa maboksi. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha kukodisha, pazia katikati, kitanda huku, jiko kule. Mgeni akikuja anakalia kitanda. Wakati mmoja nikiwa mgonjwa, mchungaji alinitembelea akaomba akiwa amesimama, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda. Ile aibu ilinikaa kwa roho.

Zamu yangu ya kupokea pesa ya chama ilipofika nikasema nanunua kiti kidogo cha watu wawili. Kaka mkubwa wa bwanangu ana duka la fanicha Nakuru, na bwanangu akaniambia, "Mbona utajirishe mtu mwingine na ndugu yangu yuko?" Nikaona ni ukweli. Nikatuma pesa yote hata kabla ya kukiona, kwa sababu ni familia. Nilimwambia shemeji kwa simu, na bwanangu ameketi hapo akisikia, "Kidogo, shemeji. Chumba ni kimoja." Akacheka, "Usijali, nitakupangia."

Jumamosi pikapu ikafika. Nilipotoa turubai nikadhani wamekosea mlango. Kilikuwa kiti cha kona, kile cha kuzunguka ukuta, rangi ya maziwa, miguu ya dhahabu, kiti cha watu saba! Wale wanaume wa pikapu, bwanangu naye akisaidia, wakakisimamisha, wakakilaza kwa ubavu, wakang'oa mlango. Wapangaji wote wa ploti wametoka nje, kila mtu anajua vile kinafaa kugeuzwa. Mwishowe mmoja akapanguza jasho akaniambia, "Mathe, hiki hata tukibomoa ukuta hakiingii, na kikiingia nyinyi mtalala nje." Wakakiacha hapo uani wakaenda zao.

Kikanyeshewa. Kuku za jirani zikahamia juu yake. Mwenye ploti akakuja kunifokea kwamba nimefunga njia ya choo.

Nikampigia shemeji akichukue. Akaniambia, "Sawa, lakini kukirudisha ni mteja analipa. Usafiri wa kuja, wa kurudi, na nusu ya bei nakata kwa sababu kimetumika."

"Kimetumika na nani? Na kuku?"

"Shemeji, undugu ni wa nyumbani. Hapa ni kazi."

"Mimi nilisema kidogo!"

"Uliandika wapi?" Akakata simu.

Bwanangu alikuwa mpole ajabu. Mtu ambaye chumvi ikizidi kwa mboga anapiga kelele, siku hiyo ananiambia pole pole, "Usigombane na ndugu yangu. Kama hutaki kulipa, tukipeleke tu kwa mama yangu huko Molo. Kule nyumba ni kubwa." Nikakataa. Nilivunjika mgongo kwa hiyo pesa.

Nikaomba ruhusa kazini, nikabembeleza dereva wa lori anayekaa ploti yetu, alikuwa anaenda Nakuru bila mzigo. Tukapakia kiti, nikakishusha mbele ya duka la shemeji, katikati ya mlango, wateja wakiwa ndani. Nikakalia. Nikasema kwa sauti, "Rudisha pesa yangu yote ndio nitoke."

Akatoka amefura. "Wewe mwanamke umetumwa kuniharibia jina?"

"Umeniibia!"

"Nani amekuibia? Hiki ni kiti cha mama! Alikuja hapa na bwanako, akakikalia, akachagua rangi mwenyewe! Bwanako alisema kikishindwa kuingia kwako utachoka umpe mama!"

Wateja wote wakageuka kuniangalia. Hata yeye aliona amesema kitu hakufaa kusema. Mimi nilisimama nikaondoka, bila kiti, bila pesa. Nililia mpaka Gilgil.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza bwanangu, na hakukataa. Alisema tu, "Mama amezeeka akikalia stuli. Ningekuuliza ungekubali?"

Nikamwambia, "Hutawahi kujua, kwa sababu hukuniuliza."

Alikuwa amepima mlango wetu kabla kiti kije. Alijua hakitaingia. Aliniangalia nikihangaika na wale wanaume, hata akashika upande mmoja akisukuma! Hiyo ndiyo inanimaliza.

Kiti sasa kiko Molo. Mama mkwe alinipigia, nikadhani ni pole. Wapi! "Umemuaibisha mtoto wangu mbele ya wateja wake. Nilikuwa nakuheshimu." Nikamuuliza kama alijua ni pesa ya nani. Akajibu, "Pesa ya mke ni ya boma." Na shemeji amesema hata shilingi hanirudishii, eti bado nina deni la pikapu ya kwanza.

Jumapili hii kuna sherehe huko, wajomba, mashangazi, kila mtu. Wanashukuru Mungu kwa kiti ambacho mwana amenunulia mama yake. Ndivyo wanavyosema: mwana. Bwanangu anataka niende nipike, nimwombe shemeji msamaha, nikae kimya. Amesema nisipoenda nisimtafute tena.

Dada yangu ananiambia niende, ningoje wote waketi, nisimame niseme kila kitu. Rafiki yangu kazini anasema nimshtaki shemeji kwa chifu nisahau Molo. Kuna saa nataka kufunga nguo za watoto niende kwetu.

Nyinyi wenye ndoa, na nyinyi mliotoka kwa ndoa, nishaurini kabla Jumapili ifike. Niende au nisiende? Na nikienda, ninyamaze? Tafadhali msiniandikie nivumilie. Hiyo nimeshafanya, niambieni kitu kingine.