Sili ya Injini ya Buna

Fundi wa dizeli wa hapa Waberi haongei akishika sili kuukuu, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Huifuta oili, akaikunja kwa kidole gumba, kisha akapitisha ukucha kwenye mdomo wa mpira polepole, kama anayepapasa ufizi wa mtoto akitafuta jino. Akiikuta na ufa, huikata vipande viwili kwa kisu na kupiga mluzi. Akiikuta nzima, ndipo uso unapomsawijika.

Leo ameifungua injini ya kisima cha Buna, na sili ya nyuma haina hata mkwaruzo. “Wallahi fundi, hii bado mzima,” anasema Gabow, mlinzi wa kisima aliyeileta injini kwa lori. “Mpya mpaka itoke Nairobi, na ngamia wanangoja maji. Rudisha tu.” Fundi anaigeuza mara ya tatu. Kiangazi kilichopita alirudisha nzima kama hii, kwenye injini hii hii. Ilishika siku nne, oili ikaishia mchangani, injini ikakwama. “Ile pia ilikuwa nzima,” anasema. Gabow ndiye aliyeiburuta mizoga ya ngamia kwa kamba kuitoa birikani kiangazi kile. Anachomoa kisu kiunoni, anamwelekezea fundi mpini.