Namba ya Lori la Jirani

Msimbo wangu wa kwanza wa kompyuta niliuokota mtandaoni kama mtu anavyookota mua ulioanguka kwenye lori, bila kuuliza umepita wapi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni hapa Tunduma, najiona fundi kuliko mafundi wote hadi Lusaka. Mwalimu wetu alikuwa amesema mara elfu tatu: mambo ya nywila na ruhusa usiyaokote, tumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na kupimwa na wanaojua, na usome maelezo yake. Kusoma! Nikaona hiyo ni kazi ya wasio na kipaji.

Wakala mmoja wa forodha, Hajati, akanipa kazi: tovuti ya madereva wake kuweka pasipoti na karatasi za mzigo wakiwa kwenye foleni ya mpakani. Ikifaa, nabaki ofisini kwake. Isipofaa, narudi Mlowo kwa mjomba kushona magunia ya mahindi. Nikabandika kipande juu ya kipande, kikakubali, nikatembea mjini kama mkuu wa mkoa.

Nilisahau kwamba dereva aliyekaa foleni siku nne hana la kufanya. Mmoja aliona anwani ya ukurasa wake inaishia na 41. Akaandika 42. Yakafunguka makaratasi ya mwenzake! Kufika jioni ameshasoma pasipoti za foleni nzima, anazisimulia kwenye kibanda cha chai.

"Fundi," akaniita mbele ya watu, "huyu wa 57 mbona kapiga picha kama kakamatwa?"

Walicheka hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakasikia. Hajati hakucheka.

"Mwanangu, karatasi hizi madereva wamenipa mimi. Funga tovuti."

Nikafunga. Wiki mbili nikasoma maelezo ya maktaba niliyoidharau. Uchafu wangu wa mwezi mzima, kwao ni mistari sita, na mistari hiyo inauliza nisichowahi kuuliza: wewe nani, na hii ni yako? Nikaijenga tovuti upya kwa mistari hiyo. Wenzangu niliosoma nao bado wanabandika na kujiita wahandisi. Wahandisi wa gundi!

Dereva yule aliporudi kutoka Zambia, Hajati akamkalisha kwenye kompyuta. Akabadilisha namba tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila mara: Huna ruhusa. Akasonya.

"Hajati, tovuti hii imeharibika. Zamani ilikuwa tamu."

"Haya, irudishe mtandaoni," Hajati akaniambia. "Meza yako ile ya dirishani. Ila pasipoti yangu mimi inabaki kwenye mkoba."