Vioo Vilivyokoshwa kwa Jivu

Mwaka wa 1947 Gharib bin Kamaludin alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na hakuwa amewahi kuvuka daraja la Makupa, liunganishalo kisiwa na bara. Hakuwa na sababu maalumu. Alizaliwa Kuze, akaoa Kuze, na kazi yake ilikuwa hospitalini, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hata hivyo, hapakuwa na mtu kisiwani aliyewajua watu wa bara kwa undani kama yeye, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akisoma damu yao.

Damu ilikuja kwa treni. Wauguzi wa zahanati za mbali walipaka tone juu ya kipande chembamba cha kioo, wakaliacha likauke, wakakifunga kioo kwa karatasi na kukitia mkebeni. Gharib alikitia rangi, akakitazama kwa hadubini, akaandika jibu fupi: malaria, si malaria, damu haitoshi, leteni tena. Jibu lilirudi kwa treni. Hivyo mgonjwa aliyekuwa maili thelathini na zaidi kutoka kwa daktari alipata dawa inayomfaa bila kubebwa kwa machela.

Mkebe wa Kalama, muuguzi wa zahanati moja nyuma ya stesheni ya Maji ya Chumvi, ulikuwa na mambo yake. Zamani ulikuwa wa biskuti. Siku moja mke wa Kalama alitia mayai manne kando ya vioo, kwa heshima. Mwanakhamis, mke wa Gharib, hangeweza kurudisha chombo cha watu kitupu, akautia vitumbua. Tangu siku hiyo mkebe ulikwenda na majibu na vitumbua, ukarudi na damu na mayai. Kanuni za maabara hazikusema lolote juu ya vitumbua.

Ijumaa moja treni ilichelewa. Mutunga, gadi wa treni, alikuta maabara imefungwa, akaupeleka mkebe nyumbani Kuze. Gharib alikuwa msikitini. Aliporudi alikuta vioo sita vimepangwa juu ya sinia, pamoja na vikombe vya chai.

"Hivi ni nini?"

"Vioo vya kina Kalama," alisema Mwanakhamis. "Nimevikosha kwa jivu na maji moto. Vilikuwa na madoa, Bwana. Naliona haya kuvirudisha vile."

Gharib aliinua kimoja akakielekeza dirishani. Hata vioo vipya havikuwa safi hivyo.

"Hayo madoa ni damu, mamake Sheikha."

"Najua ni damu. Ndipo nikatumia jivu."

Ndani ya mkebe, chini kabisa, kulikuwa na barua ya Kalama. Vioo vyote sita vilikuwa vya mtu mmoja, mgema aitwaye Dzoro. Hiyo ilikuwa homa yake ya tatu mwezi ule, na ilianza jana. Kwinini haikusaidia. Kalama alidhani ni homa ya papasi, wale wadudu wakaao katika nyufa za sakafu za udongo. Dawa yake ilikuwa sindano kali, na iliyobaki ilikuwa moja. Kama ugonjwa si papasi, sindano ingeweza kummaliza mgonjwa, kwani alikuwa amedhoofika sana. Kama ni papasi, asipochomwa, homa ya nne ingemmaliza. Na vijidudu vya ugonjwa ule huonekana wakati homa iko juu tu; mkebe ungekwenda na kurudi homa imeshashuka.

"Andika papasi," alisema Mwanakhamis. "Kalama mwenyewe asema ni papasi."

"Asema anadhani. Ndiyo maana ameniuliza mimi."

"Na wewe wadhani nini?"

"Mimi sikuajiriwa kudhani."

"Basi nenda ukaitazame damu huko huko!" alisema kwa hasira, kama mtu amwambiaye mwenzake aende mwezini.

Jumamosi asubuhi Gharib alifungua maabara na kuandika katika daftari: *Hadubini imetoka. Nimekwenda nayo.* Kuitoa nje ya chumba lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Aliifunga kwa leso ya mkewe, akauchukua na mkebe wa Kalama, akaenda stesheni.

"Bwana Gharib!" alisema Mutunga. "Umefukuzwa nyumbani?"

"Naenda Maji ya Chumvi."

"Na huyo mtoto uliyempakata?"

"Si mtoto."

Daraja la Makupa lilikwisha kabla Gharib hajaamua atazame upande gani. Treni ilipofika Mazeras Mutunga alipita tena, akaiangalia ile leso.

"Hajalia hata mara moja," alisema. "Mtoto mzuri."

Kutoka stesheni Gharib alitembea maili saba.

"Umeleta jibu?" aliuliza Kalama.

"Vioo vimekoshwa."

"Na nani?"

"Na watu wa nyumbani."

Kalama hakuuliza zaidi. Naye alikuwa ameoa.

Dzoro alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, akitetemeka. Gharib alikuwa hajawahi kukutana na mwenye damu.

"Ndiwe uwekaye damu zetu?" aliuliza Dzoro.

"Ndimi."

"Wazifanyia nini?"

"Nazisoma."

"Yangu yasemaje?"

"Bado."

Alimdunga kidole, akaweka hadubini dirishani, akageuza kioo kidogo kilicho chini yake kikapata mwanga. Safari hii hakungoja damu ikauke. Vijidudu vilikuwepo, vyembamba kama nyuzi zilizosokotwa, vikijipinda na kuzisukuma chembe za damu huku na huku. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameviona vimekufa, vimetulia, vimetiwa rangi ya zambarau. Hakujua kuwa vina haraka namna ile.

"Papasi," alisema. "Mchome."

Jumapili mchana homa ilishuka, na Dzoro akaomba uji. Mke wa Kalama alimpa Gharib mkebe aurudishe mjini.

Jumatatu daktari mkuu alimpa Gharib barua ya onyo. Kisha akamwuliza kama angeweza kwenda tena mwezi ujao, kwani kulikuwa na zahanati nyingine mbili kwenye njia hiyo. Gharib alisema angeuliza nyumbani.

Alipofika, mkebe ulikuwa palepale alipouweka jana yake, haujafunguliwa. Mwanakhamis alikuwa ameketi mbali nao kidogo.

"Muna damu humu?"

"Muna mayai."

"Una hakika?"

"Nimetazama mwenyewe."