Alama Iliyotoka na Sabuni

Nanzala alikuwa karani wa mizani katika ghala la mahindi Chepsaita, mwanamke wa miaka hamsini na mbili asiyependa makisio. Uvimbe uliokuwa ndani ya titi lake la kushoto ulikuwa mdogo mno, vidole havikuuhisi. Ulionekana kwenye picha tu. Daktari Jepkemboi alimwambia wazi: akiupata vizuri, atatoa kipande na titi litabaki. Akiukosa, watarudi kupasua tena, na huenda titi zima likaondoka.

Njia za kuuonyesha zilikuwa mbili. Moja, kuutafuta kwa ultrasaundi na kuchora msalaba wa wino juu ya ngozi. Haiumi. Nyingine, kupitisha kwa sindano waya mwembamba mpaka kwenye uvimbe wenyewe, ncha yake ikijishika hapo kama ndoana, kisha mpasuaji aufuate.

"Kuna ya tatu pia," daktari alisema. "Kijisumaku kidogo kuliko punje ya mchele. Hapa hatuna."

Wakachagua wino. Ukachorwa Jumatatu alasiri, siku moja kabla ya upasuaji, na Nanzala akalala mtaa wa Kapsoya kwa mdogo wake, Nakhumicha.

Kwao mtu hapelekwi kulazwa kabla hajaogeshwa akang'aa, manesi wasije wakasema ametoka kwa watu wachafu. Asubuhi Nakhumicha alimsugua mgongo, mabega, kifua. Povu likageuka buluu.

"Woi, dada! Ile kitu ya daktari!"

"Imetoka?"

"Yote! Ngoja." Akarudi na kalamu ya biro. "Ilikuwa hapa. Ama hapa kidogo."

"Wewe ulisomea wapi udaktari?"

"Na ukirudishwa nyumbani? Umengojea hii siku miezi miwili!" Akachora, ulimi nje, msalaba mzuri kuliko wa kwanza.

Wakaenda hospitali. Wodini nesi alitupa jicho, akaandika kwamba alama ipo, akaanza kusukuma kitanda.

"Sista, simama. Hiyo alama si ya daktari. Ni ya mdogo wangu."

"Mdogo wako ni daktari?"

"Anasuka nywele."

Nesi akaangua kicheko, kisha akakiacha ghafla, akaenda kumwita Jepkemboi.

"Ultrasaundi ina foleni, Mama," daktari alisema. "Naweza kukupanga wiki ijayo, tuchore upya."

"Wino unakaa kwa ngozi, na ugonjwa uko ndani. Niwekee waya leo. Nitangoja foleni hata niwe wa mwisho."

"Hata na ganzi, utausikia."

"Nitausikia."

Aliusikia. Alikunja vidole vya miguu, akatazama dari, hakuushusha mkono aliouweka juu ya kichwa. Waya uliingia upana wa vidole viwili kando ya msalaba wa Nakhumicha, na ncha yake ya nje ikabandikwa plasta.

Alipozinduka baada ya upasuaji, saa kumi alasiri, daktari alikuwa amesimama hapo.

"Tulikipiga picha kile kipande kabla ya kushona. Uvimbe uko katikati, na kingo zinaonekana safi, hazina ugonjwa. Maabara itathibitisha."

Nanzala alipapasa bandeji polepole. Titi lilikuwepo. Akamgeukia Nakhumicha, aliyekuwa ameficha uso kwa leso.

"Haya, niletee chai," akamwambia. "Na hiyo biro uiache nyumbani."