Dubu Niliyemsingizia

Wanaume wenzangu, nawasalimu kwa jina la Yule aliyeniacha hai mpaka asubuhi hii. Asanteni kwa chai na mandazi. Mchungaji ameniomba mara nyingi nisimame hapa nami nimekuwa nikitafuta sababu. Safari, zamu, mgongo. Leo sababu zimeisha. Sioni fahari yoyote kwa haya nitakayosema, na mkiniona naangalia sakafu, mnivumilie.

Wengi wenu hamnijui. Mimi ni Baba Shiru. Hapa Sugar Land tumehamia juzi juzi. Kabla ya hapo tulikaa DeSoto, kusini mwa Dallas. Mke wangu ni nesi wa zamu za usiku. Mimi nilikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya hospitali, na nilikuwa mtu wa mwili. Ninyi mnaoniona hivi mngenisalimu kwa mikono miwili. Nilikuwa na kitambi cha heshima na sauti ya kutosha ukumbi bila kipaza sauti. Harambee ikiitishwa, mimi ndiye niliyeshika programu. Kanisani nilikuwa shemasi. Nilipenda kuitwa mwanaume, nawaambia ukweli, nililipenda hilo jina kupita kiasi.

Siku moja nikioga nilishika kitu chini ya chuchu ya kushoto. Kilikuwa kigumu kama punje ya mahindi makavu, na hakikuuma. Kingekuwa shingoni, ningemwonyesha mke wangu kabla sijajifuta maji. Lakini kilikuwa pale. Nikajiambia nimejigonga na boksi kazini, nikavaa shati.

Tangu siku hiyo nikaanza kulala na fulana. Mke wangu akauliza kulikoni, nikamwambia nina baridi. Baridi, Texas, mwezi wa nane. Baadaye chuchu ikaanza kuzama, ikaingia ndani kama kitovu, na ngozi pembeni ikajikunja. Jioni moja alinikuta jikoni nimejishika hapo, akauliza ni nini. Nikasema, "Ni kifua tu."

Mnajua kwetu kifua ni nini. Ni kikohozi. Yule mama wa watu alinichemshia tangawizi na ndimu, akaleta na dawa ya kupaka. Ya kupaka nilimwambia nitajipaka mwenyewe. Tangawizi niliinywa yote, mimi mgonjwa wa titi, na nikakohoa kidogo ili aridhike. Nikiikumbuka ile tangawizi naona aibu kuliko mambo mengi makubwa niliyofanya.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, mzungu mmoja mpole anayeitwa Dale. Alikuwa amefiwa na mkewe, na huzuni ilikuwa karibu kummaliza. Akaona nimepungua na nimekuwa kimya. Akaniambia kwamba Jumamosi yeye huenda kwa kikundi fulani huko Fort Worth. Watu hukaa duara, ngoma hupigwa, na kila mtu hulala chini akafumba macho kumtafuta mnyama anayetembea na roho yake. Yeye kilimsaidia sana, akasema, njoo uone.

Mtaniuliza, wewe shemasi, ulienda? Nilienda. Na sikwenda kwa sababu ya imani yoyote. Nilienda kwa sababu nilikuwa nataka kufanya kitu kuhusu ugonjwa wangu, na pale hakuna mtu angeniambia nivue shati.

Ilikuwa sebule ya kawaida tu, na zulia na mablanketi. Kiongozi alikuwa mama mzee mwenye nywele nyeupe, mwenye upole wa bibi. Alichoma majani makavu kidogo, akapiga ngoma, pigo moja hilo hilo bila kubadilisha. Alituambia tuwaze shimo ardhini, tushuke, tumngoje mnyama atakayekuja. Nikalala. Nikashuka. Na nikamwona mnyama, wazi kabisa, kama ninavyowaona ninyi. Alikuwa ng'ombe wa mama yangu. Yule mweusi mwenye doa jeupe usoni, amesimama kwenye zizi letu anatafuna, na mama amemwegemea akikamua.

Tulipoamka kila mtu akasema alichoona. Mmoja alisema tai. Mwingine mbwa mwitu. Dale, kama kawaida yake, dubu. Ikafika zamu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa Mwafrika peke yangu mle ndani, tena pande la mtu, na wote wamenikazia macho wakingoja angalau simba. Sasa niseme ng'ombe? Nikasema dubu. Mnyama ambaye sijawahi kumwona popote ila kwenye katuni za binti yangu.

Walifurahi kweli. Yule mama akaniwekea mkono begani akasema dubu ni mnyama wa kuponya, anajua kuchimba mizizi ya dawa. Akasema baridi ikifika dubu huingia pangoni peke yake akapumzika, na majira yakigeuka hutoka akiwa na nguvu mpya. Mimi nikayasikia hayo kama mfanyakazi aliyeambiwa na daktari asiende kazini. Pango! Kumbe naweza kujificha na iwe ni tiba. Na lazima niwe mkweli, kila mara tulipomaliza, mama yule alikuwa anatukumbusha kwamba ngoma haichukui nafasi ya daktari. Hilo masikio yangu yaliruka.

Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza nimetoka wapi. Nilikuwa napiga mswaki, na sijui kwa nini, ukweli ukanitoka. Nikasema nilikuwa na watu wa bear, yaani dubu kwa Kiingereza. Matamshi yetu mnayajua wenyewe.

"Bia?" akasema. "Baba Shiru, umeanza bia?"

Nilikuwa na nafasi ya kumrekebisha. Nikatema povu, nikaenda kulala.

Kwa sababu, ndugu zangu, ulevi ni ugonjwa wa wanaume. Una heshima yake. Watu wanajua kuuombea. Kupungua mwili, kuchoka, kulala na nguo, kila kitu sasa kilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa bia. Mke wangu alilia, nikamwacha alie. Akamwambia mchungaji wetu wa kule. Wazee wakaja nyumbani, wakanizunguka, wakaniwekea mikono, na mmoja wao akanishika kifuani kwa nguvu, pale pale penyewe. Nilipiga yowe. Wakasema pepo wa pombe ameguswa, wakazidisha maombi. Nilitokwa na jasho mwili mzima, nikasema amina.

Baridi ikaja, nami nikakaa pangoni mwangu. Chuchu ikaanza kutoa damu. Mwanzo matone tu, nikaweka pamba. Baadaye ikawa kidonda, kikawa na harufu, nikawa najipulizia manukato mpaka binti yangu Shiru, ambaye alikuwa chuoni lakini anakuja wikendi, akaniuliza, "Dad, who are you trying to impress?" yaani nataka kumpendeza nani. Kwapani nikashika uvimbe mwingine. Kila Jumamosi naenda Fort Worth, najilaza kwenye zulia, namtafuta dubu. Hakuja hata siku moja. Alikuja ng'ombe.

Majira yalipogeuka yule mama akatuomba mimi na Dale, kwa vile tuna mnyama mmoja, tuinuke tucheze mwendo wa dubu anayetoka pangoni. Nikainua mikono juu. Pamba ikaanguka miguuni kwa Dale. Damu ikaonekana kwenye shati.

Dale alimwomba mama asimamishe ngoma. Akanitoa nje mpaka kwenye gari lake, akaniambia nifungue vifungo. Akaangalia, akageuza uso.

"Mke wangu alianza hivi hivi," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za pango. Akanikatiza.

"Sitaki kusikia habari za dubu. Mwambie mkeo leo, la sivyo namwambia mimi."

Mke wangu nilimkuta anapiga pasi sare zake. Nilivua shati, nikavua na fulana, nikasimama mbele yake. Aliniangalia kwanza kama nesi. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwapani, vikatulia kwenye ule uvimbe. Halafu akaniangalia kama mke, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

"Tangu lini?"

Nikamwambia, kabla ya tangawizi.

Akakaa kitandani. Akasema, "Usiku kucha naosha vidonda vya waume wa watu. Na wangu analala amevaa shati." Halafu akauliza, "Na bia?" Nikamwambia hakukuwa na bia, ilikuwa dubu, na hata dubu hakuwepo. Hakucheka. Alichomoa pasi, akampigia dada yake simu.

Dada yake ni nesi hapa Houston, anakaa Sharpstown, na ndiye aliyetutafutia daktari. Tulihamia kwake na masanduku mawili, kabla ya kupata nyumba hapa Sugar Land. Hospitali, chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa kina mama na picha za maua. Jina langu likaitwa, na karani akamtazama mke wangu. Gauni nililopewa lilikuwa la waridi. Binti wa mashine alilivuta hilo titi langu dogo lililokuwepo akalibana katikati ya vioo, na mimi machozi yakanitoka, si kwa maumivu. Wakadunga sindano nene wakachukua nyama.

Daktari, mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, alisema ni saratani ya titi na imeshafika kwapani. Aliniona nimeinamisha kichwa. Akaniuliza kama nilijua kwamba wanaume huugua hii. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuugua. Nikasema hakuna. Mama yangu alikufa kwa kifua.

Mke wangu aligeuka. "Kifua gani?" akasema.

Nikapiga simu nyumbani kwa shangazi yangu, ndiye aliyemuuguza mama. Nilimuuliza hivyo hivyo, kifua gani. Akasema, "Lilikuwa ziwa, mwanangu. Lilioza. Tungewaambiaje watu kitu kama hicho? Tukasema kifua."

Neno hilo limetufunika mara mbili, ndugu zangu. Walilitumia kumfichia mama aibu yake, nami nikalirithi na ugonjwa wake ndani. Shiru naye ilibidi apimwe damu. Amerithi ile kasoro ya ukoo inayoleta saratani hii. Alipoambiwa hakunikasirikia kwa sababu ya damu, hakuna anayechagua damu. Alisema tu, "All that time, Dad? You knew and you let me not know?" Yaani muda wote ule nilijua, nikamwacha yeye asijue. Sasa anachunguzwa kila wakati unaofaa, na hawajamkuta na kitu. Kwa hilo peke yake ningepanda mlima kwa magoti kumshukuru Mungu.

Nilikatwa titi na tezi za kwapani. Nikatoka na mpira mwembamba ubavuni unaotiririsha maji mekundu kwenye kichupa, mke wangu akakimwaga asubuhi na jioni. Kisha dawa za mishipani. Nilitapika mpaka nyongo. Kucha zilikuwa nyeusi, mdomo una vidonda, maji yana ladha ya chuma. Siku moja sikufika chooni, nikachafua zulia la shemeji yangu, na mke wangu akanivua na kuniosha kama mtoto. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Pale ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu DeSoto. Akasema, "Dubu mwenyewe ndiye huyu." Tukacheka wote na mimi nimeshikilia sinki.

Baada ya hapo mionzi, ngozi ikaungua kama uji uliosahauliwa jikoni. Na sasa vidonge, ambavyo hunipa lile joto la kina mama, mkiniona najipepea katikati ya mahubiri si Roho, ni vidonge. Picha za mwisho zilikuwa safi. Mkono wa kushoto hauinui mzigo tena. Nipo.

Dale alikuja kuniona. Nikamwambia kuhusu ng'ombe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Ungesema tu ng'ombe. Tungemkaribisha."

Sikuja kuwakataza kwenda kwenye ngoma za watu, hilo mchungaji analiweza kuliko mimi. Wale watu hawakunikosea. Dubu wao hakunikosea. Nilimsingizia mnyama wa watu ili nisitamke sehemu moja ya mwili wangu, na ningekufa hivyo, na mngenizika mkisema alikuwa mlevi. Namshukuru Mungu, namshukuru Dale, na huyo mke wangu niliyemwacha alie nitamshukuru mpaka niingie kaburini. Wanaume, tuna matiti. Semeni neno hilo nyumbani kwenu. Waulizeni mama zenu na shangazi zenu waliokufa kwa kifua walikufa kwa kifua gani.

Na kabla hatujaomba, naomba kila mtu aingize mkono chini ya shati. Ndiyo, sasa hivi, na chai mezani. Chekeni tu. Chini ya chuchu, polepole, kwa ncha za vidole. Halafu kwapani. Halafu upande wa pili. Vizuri. Mzee, na wewe, hakuna umri wa kustaafu hapa.

Haya, toeni mikono tuombe.

Naona wote mmetoa isipokuwa ndugu mmoja. Sitakutaja, wala sitakutazama. Mke wangu yuko hapo nje ndani ya gari, na mlango wa nyuma wa ukumbi huu haujafungwa. Wenzetu wakifumba macho, wewe na mimi tutoke.