Firigisi na Gari ya Milango Miwili

"Sijasema mzee ni mwizi, Senge. Nimesema hatujawahi kusikia hiyo gari ikiamka. Hayo ni mambo mawili."

Senge ni dada ya baba. Alikuwa amekalia kiti changu cha pekee, mimi niko juu ya kitanda, hapa kwa chumba ninachopanga Kitale. Chai yake ilikuwa inapoa juu ya vile alikuwa ananiangalia badala ya kuinywa. Amefundisha shule ya msingi upande wa Myanga mpaka akastaafu, na akikuangalia vile unaanza kutafuta mahali umekosea hata kama hujakosea.

"Mtu amekuchinjia kuku," akasema. "Amechukua firigisi kwa mkono wake akakuwekea kwa sahani, bibi yake akiona. Mimi mwanamke! Halafu unataka nirudi nimwambie nini? Fungua boneti, sijakuamini?"

"Ndiyo. Umwambie hivyo hivyo."

"Wewe uko na haraka ya kuharibu."

"Ni wewe uko na haraka, Senge. Si ulimwambia Jumatatu unalipa?"

Akachukua kikombe, akakirudisha.

Kwa mtu hajui kwetu, firigisi haipewi mtu ovyo. Kuku ikipikwa, hicho kipande kinaenda kwa mwanaume wa heshima pale mezani, na kuna ndugu wamekosana kabisa juu ya nani alipewa na nani alirukwa. Kwa hivyo leo mchana, vile mzee mwenye gari alimpa Senge akasema, "Leo mwanaume ni huyu anachukua gari," tulicheka wote, na Senge akaishika na vidole viwili kama pete. Mimi pia nilicheka. Lakini nilijua tumekwisha. Umeshakula firigisi ya mtu, utalala chini kwa gari yake uangalie tumbo aje?

Gari yenyewe naipenda, na sijui kuficha. Ni ya Ujerumani, milango miwili, rangi ya fedha, na imekaa chini mpaka ukisimama kando yake unaona paa kwa kifua. Nyuma imeinuka kidogo kama panzi anayetaka kuruka. Viti ni vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa, na ukifunga mlango haulii pwaa kama hizi zetu za kawaida, unasema tu "mh," kama mtu amekubali. Mzee analima mahindi nje ya Kitale, upande wa mlima. Gari ilikuwa ya kijana wake, akahamia ng'ambo akamwachia baba auze. Inalala kwa stoo, katikati ya magunia na tela ya trakta, imefunikwa na blanketi, si turubai. Blanketi! Siku ya kwanza tulipoikuta nje ya milango ya mabati ya stoo, jua likiipiga, Senge alisema, "Yesu!" na hakuwa anaomba.

Watu wa kwetu hawaelewi anaitakia nini. Wanamwambia anunue pikapu abebe mayai apeleke Bungoma, ama afungue posho mill asagie watu unga. Shemeji mmoja alimuuliza nyasi ya ng'ombe ataiweka wapi.

"Kwa kiti cha mbele," Senge akamjibu. "Na nitaifunga mkanda."

Lakini mimi nimejua tangu nikiwa mdogo. Niliishi kwake Bumula nikisoma, na kila asubuhi nilimuona akitoka na baiskeli, sketi ameishika na mkono mmoja, vitabu vya wanafunzi kwa kikapu. Mvua ikinyesha alikuwa anafika shule na matope mpaka magotini, anajipangusa, anaingia darasani. Kwa ukuta, mahali watu wanaweka picha ya harusi, yeye alikuwa na gari ya milango miwili aliyokata kwa kalenda. Ilikuwa nyekundu, sasa imefifia imekuwa kama soksi ya zamani. Amenisomesha, amesomesha wengine wawili ambao pia si wa kumzaa, akajenga nyumba ya matofali, na kila mara alikuwa anasema gari itangoja. Imengoja. Sasa kile kimebaki cha pesa za kustaafu kinatosha gari moja, mara moja. Hii ikikufa hakuna nyingine. Itakaa pale nyumbani kuku zikitaga kwa hivyo viti vya ngozi, na wale wote walisema "mama mzima na gari ya vijana" watakuwa wanapitia hapo polepole, wanaangalia.

Ndiyo maana aliniambia, "Wewe ndiye macho yangu. Ukisema hapana, naacha." Alisema kwa simu, vile mtu anakuambia umletee sukari. Tangu hapo sijatulia. Nauza dawa za mifugo na mbegu kwa duka hapa mjini, na mteja akitoka tu nafungua simu nasoma vile watu wanakagua gari za aina hii kabla ya kununua. Kitu niliona wote wanarudia ni kwamba gari ya kifahari ikizeeka haigeuki kuwa gari rahisi. Bei yake inashuka lakini spea zake zinabaki za gari kubwa. Kwa hivyo usinunue rangi. Nunua vile imetunzwa.

Na mambo mengi yako sawa, lazima niseme. Namba ya chasisi ni ile ile iko kwa logibuku, kile kitabu cha umiliki. Tairi zote nne ni za aina moja na zimeisha sawasawa, hakuna upande umelika. Nilipitisha kidole kwa nafasi kati ya mlango na bodi, huku na huku, ni sawa, kwa hivyo sidhani imewahi kupigwa ikanyooshwa. Tulipoenda kuijaribu mara ya kwanza walinikunja kwa kile kiti cha nyuma ambacho mtu alikitengenezea mkoba, magoti yangu kwa masikio, na Senge akaendesha. Gia zilikuwa zinaingia bila kusikika. Tulipofika lami akakanyaga kidogo, na ile gari ikaenda, ikaenda kabisa, mahindi ya watu kando ikawa ukuta wa kijani. Nilikuwa naona shingo ya Senge tu. Kilemba kimerudi nyuma, mgongo umenyooka. Mzee kando yake akasema, "Mwalimu, wewe si mgeni kwa hii kitu." Baadaye nikaona Senge alikuwa anapangusa macho, na dirisha zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo si vumbi.

Sasa shida yangu ni hii. Mara zote mbili tulikuta gari ishawashwa.

Mara ya kwanza ilikuwa tayari iko nje ya stoo, inanguruma polepole, mzee anaipangusa na kitambaa. Leo, vilevile. Senge alikuwa amempigia simu tukitoka mjini, juu yeye hawezi kwenda kwa mtu bila kusema, na tukabeba mkate na sukari. Tulipoingia getini, gari ilikuwa moto. Niliweka mkono kwa boneti nikautoa haraka.

"Sipendi mgeni angoje," mzee akasema, na alikuwa anafurahia. "Nimewawashia mapema, kama maji ya kuoga."

Halafu akafungua boneti. Injini ilikuwa imeoshwa inang'aa kama sufuria ya wageni. Hakuna tone la oili. Hakuna vumbi. Mtu mwingine angesema mzee anaficha, juu injini ikioshwa huwezi kujua kama inavuja. Lakini nilikuwa nimeona kikombe alichonipa chai, na kiti alichonipangusia, na vile viatu vyake vya shamba vimepangwa nje ya mlango vikiwa vimeoshwa. Ule mzee anaosha kila kitu. Namheshimu. Ndiyo inafanya iwe ngumu.

Nikamuuliza kama anaweza kuizima tuingoje ipoe. Akasema bila shaka, mama. Akaizima. Nikapiga magoti niangalie chini, na hapo ndiyo bibi yake akaita kutoka kwa mlango, "Maji ya mikono iko tayari!" Senge akaniinua na mkono, akaninong'onezea, "Usiniaibishe." Tukaingia. Kukaja ugali, kuku, firigisi. Tulipotoka, ilikuwa salamu za kwaheri na maombi na mahindi mabichi ya kubeba. Nani angerudi kupiga magoti?

Sasa tuko kwa chumba changu na Senge hataki kusikia.

"Si nimeiendesha ukiwa ndani?" akaniambia. "Si umeisikia?"

"Nimeisikia ikiwa moto. Injini ikiwa moto hata mbaya inaimba. Ikiwa imelala usiku kwa baridi ya Kitale, hapo ndiyo inasema ukweli. Ikitoa moshi wa bluu ikiamka, ujue inakula oili. Ikigongagonga kama misumari kwa mkebe, ujue kuna kitu ndani kimechoka, na hicho kitu hutaweza kukilipia. Na zile taa ndogo za onyo, Senge, ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, zinafaa kuwaka zote halafu zizime. Kama kuna moja haiwaki kabisa, mtu ameitoa ndiyo usione shida. Sisi hatujaona, juu tulikuta inanguruma. Na inalala na mahindi, kumaanisha inalala na panya. Panya wanakula waya."

"Haya ni ya kwa simu."

"Si ya kwa simu. Ni yako."

Akaniangalia.

Nikamkumbusha siku ile tulienda soko na yeye kutafuta ng'ombe ya grade, hizi za maziwa mengi, mimi bado niko primary. Kulikuwa na moja, kiwele kimejaa mpaka inatembea miguu imepanuka, na mimi nikaanza kumvuta leso, "Hii, Senge, hii!" Akanivuta kando akaniambia hiyo haijakamuliwa tangu jana, ndiyo ijae watu waone. Akasema ng'ombe haipimwi sokoni saa sita. Unaenda nyumbani kwake jioni uone ikikamuliwa mpaka iishe, na alfajiri unarudi, unaketi chini yake wewe mwenyewe, unakamua. Hapo ndiyo utajua unanunua maziwa ama unanunua kungoja. Akaenda. Ile ya kiwele kikubwa ikatoa kikombe na nusu. Akanunua nyingine, nyembamba, hakuna mtu alikuwa anaiangalia, na hii iko kwa boma lake leo ni mjukuu wa hiyo.

"Sasa hii gari," nikamwambia, "mara zote mbili umeikuta kiwele kimejaa."

Halafu Senge akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kabisa, mpaka akaweka kikombe chini.

"Umenipiga na ng'ombe yangu," akasema. "Umenipiga na ng'ombe yangu mwenyewe!"

"Basi kesho twende asubuhi, bila kumwambia."

"Kwenda kwa mtu alfajiri bila simu ni tabia ya polisi."

"Tutabeba mkate."

"Polisi na mkate." Akacheka tena, halafu kicheko kikaisha. Akaangalia mikono yake. "Na moshi ukiwa wa bluu?"

Nikasogea mpaka ukingo wa kitanda.

"Nitasema hapana."

"Na wewe pia unaitaka. Nilikuona kwa kioo, umekunjwa huko nyuma na meno nje."

"Naitaka sana, Senge. Nimeshajiona tukipita Bungoma mjini polepole, wale wa boda wote wamegeuza shingo. Ndiyo maana lazima niisikie."

Akakunywa chai yake yote mara moja, baridi vile ilikuwa. Halafu akasema kitu ambacho mimi, na haraka yangu yote, sikuwa nimefikiria.

"Mimi siwezi kwenda. Nikifika nitapewa kiti, nitapewa chai, na nitaona haya, juu nilikula firigisi yake. Nenda wewe peke yako. Wewe ulipewa nini?"

"Shingo."

"Basi. Mtu wa shingo hana deni. Nenda ukaisikie, na ukirudi usinipambie. Nitakuwa hapa hapa kwa kiti."

Kwa hivyo nimeshapanga. Kesho, kabla watu hawajaanza kujitayarisha kwenda kanisa, nitachukua boda na sweta zangu mbili, nipitie mkate dukani, na sitapiga simu. Nitapiga hodi getini kwa heshima yote, nimsalimie mzee na bibi yake, niwape salamu za Senge. Nitaomba blanketi itolewe na nitaweka kiganja kwa boneti. Ikiwa baridi kama jiwe, nitaingia nifungue ufunguo nione taa zote zikiwaka, halafu nimwachie mzee kiti, niende nisimame nyuma panapotoka moshi, nimwambie, "Baba, sasa iwashe." Na chai yao sitakunywa mpaka nimalize kuangalia.